Banda la Kuni Lililokula Nyumba Yangu

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba na Ua.

YAH: MAKALA YENU YA BANDA LA KUNI LA GHARAMA NAFUU, NA MADHARA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU KWA KUYATII

Ndugu Mhariri,

Ninatumaini barua hii inakukuta ofisini, umeketi nyuma ya mlango uliofungwa vizuri. Nataja mlango kwa makusudi. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu wa mwisho watafika nyumbani kwangu kuona mtoto wao anaingia katika ukoo wa namna gani, nami sina mlango wa kuwafungulia. Sina mlango hata mmoja. Kosa ni la gazeti lenu, na nitalithibitisha kwa utaratibu.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilikagua madawati, vyoo, madaftari ya mahudhurio na walimu, na vyote nilivikagua kwa jicho lile lile. Si mtu wa kulalamika. Sijawahi kuliandikia gazeti lolote barua ya malalamiko, isipokuwa zile kumi na nne nilizowaandikia ninyi kuhusu matumizi ya alama ya mkato, ambazo bado ninasubiri majibu yake.

Miezi mitatu iliyopita mlichapisha makala ya mtu anayejiita Fundi wa Nyumbani. Yalieleza namna ya kujenga banda la kuni bila gharama. Yalinijia wakati muafaka. Kuni zetu zilikuwa zimerundikwa ukutani chini ya mchirizi wa bati, zikinyeshewa kila mvua iliponyesha, na jikoni kulikuwa na moshi wa kumtafuta mtu kwa kumwita jina. Siku moja mke wangu alitoka humo akipangusa macho, akanishikia sahani na kuniuliza, "Mzee, leo nimepika moshi. Nikupakulie mwingi au kidogo?" Nikaona inafaa kuchukua hatua.

Ninayanukuu makala yenu neno kwa neno, maana ninayo hapa mkononi: "Huna haja ya kununua chochote. Zunguka nyumba yako, tazama kwa makini, uchukue kila kisichotumika." Sentensi hii ni sahihi kabisa kwa muundo wake. Ndiyo maana niliiamini.

Nilifanya ukaguzi wa siku saba. Saa nne kamili asubuhi na saa kumi kamili jioni niliingia katika kila chumba nikiwa na daftari lenye safu nne: chumba, kifaa, saa, na hali ya matumizi. Sikumwarifu mtu yeyote, kwa kuwa shule ikijua siku ya ukaguzi hata paka huvaa sare. Kilichokutwa kinatumika kiliwekewa alama ya vema. Kilichokutwa kimekaa tu kiliwekewa alama ya kosa.

Matokeo yalinishtua. Sikujua kwamba kwa miaka yote hiyo nimeishi katikati ya uvivu mkubwa kiasi hicho. Kitanda changu, saa nne asubuhi, siku saba mfululizo: hakina mtu. Meza ya chakula: haina mtu wala chakula. Milango yote mitano ya nyumba: iko wazi, imeegemea ukuta, na mlango ulio wazi haufanyi kazi yoyote inayoweza kuthibitishwa. Mabati ya bafuni: katika siku zote saba halikuanguka tone la mvua, kwa hiyo yalikuwa yanajikalia tu huko juu. Paa la nyumba yenyewe liliponea chupuchupu, kwa sababu jioni ya siku ya tano nilimkuta mke wangu ameketi chini yake akishona. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu, "Niko kivulini." Nikaweka alama ya vema, nikatoka.

Kisha nikajenga. Miguu minne ya meza niliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chakavu ili mchwa wasipande. Juu yake nilipanga chaga kumi na mbili za kitanda, nikiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine. Kuta tatu nilizijenga kwa milango mitano, miwili kulia, miwili kushoto, mmoja nyuma, nayo nikaiachanisha kidogo ili upepo upite. Mabati ya bafuni yakawa paa lenye mteremko wa kwenda nyuma. Mbele nikapaacha wazi, kama mlivyoagiza. Misumari niliing'oa humo humo ndani, nikainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Sikununua hata kipande cha waya.

Nitasema kweli, kwa kuwa mkaguzi hadanganyi hata anapolalamika: lilikuwa banda zuri mno. Kuni nilizipasua, nikazipanga vichwa nje, magome juu, zikakaa kwa nidhamu ambayo sikuwahi kuiona katika darasa lolote. Nilisimama mbele yake, mikono nyuma, karibu saa nzima.

Malalamiko yangu sasa ni haya.

1. Makala yenu hayakutaja saa ya kukagua. Tulipotaka kulala siku ile ya kwanza tulilikuta godoro sakafuni na kitanda kimebaki fremu tupu. Nilimwonyesha mke wangu daftari ili aone kwamba sikumwonea mtu. Alilisoma lote, akalifunga, akasema, "Bwana Mkaguzi, hebu nieleze. Saa nne asubuhi, ulitaka umkute nani kitandani mwangu?" Jibu lilipaswa kuwamo ndani ya makala.

2. Meza isiyo na miguu ni ubao. Sasa tunaula wali juu ya ubao, tumekaa chini, na magoti yangu yana maoni yake.

3. Hili linahusu bafu, nami nitalieleza kwa heshima. Wiki moja baada ya banda kukamilika, mvua ilianza. Mke wangu sasa huoga huku ameshika mwavuli ili asilowe. Nimemweleza mara mbili kwamba hoja hiyo ina kasoro katika msingi wake. Ananijibu kwamba maji ya ndoo ameyaalika mwenyewe, ya mvua yamekuja bila hodi. Nimeliandika jibu hilo daftarini na bado sijaona kosa lake. Ninaomba Fundi wenu alitafute.

4. Nimepoteza hadhi mtaani. Jirani yetu, fundi baiskeli, ni mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza. Alikuja kuazima patasi, akaliona banda, akabisha hodi kwenye mlango wa kwanza. Kimya. Akabisha wa pili. Akalizunguka banda lote akibisha milango mitano kwa zamu, na mimi nimo ndani nikihesabu kuni. Mwishowe mke wangu akamwita kutoka jikoni: "Fundi, hizo ni kuta! Pita pale pasipo na mlango!" Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mzee Milango. Watu wazima wananisalimu, "Shikamoo Mzee Milango," nami ninalazimika kuitikia, maana salamu yenyewe haina kosa.

Nilipomweleza fundi huyo kwamba ninahofia wezi, alicheka mpaka akaketi juu ya gurudumu. "Mzee wangu, lala usingizi," akasema. "Mwizi akichungulia kwako atajua ametanguliwa."

5. Makala yenu yamenipatia mkwe bila taarifa.

Jambo hili nitalieleza kwa urefu. Binti yetu wa mwisho ni muuzaji wa dawa katika duka la dawa. Hutoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mlango wa chumba chake ulipata alama ya kosa mara kumi na mbili kati ya kumi na nne. Niliung'oa kama mingine. Bawaba zake zilinilazimisha kuupachika uso wa ndani ukitazama barabarani. Sikuwahi kuuona uso huo wa ndani, kwa kuwa baba mwenye adabu haangalii nyuma ya mlango wa binti yake. Palikuwa na picha. Kijana, meno yote nje, amesimama mbele ya rafu yenye redio zilizofunguliwa matumbo. Chini yake, kwa mwandiko nilioufundisha mwenyewe, palikuwa na neno moja: "Wangu."

Nilikuwa upande wa pili nikigongomea, sikuona kitu. Mtaa ndio ulioona. Fundi baiskeli aliuliza kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Mzee, huyu aliyebandikwa bandani anatafutwa? Amefanya nini?" Mama muuza mkaa akadakia, "Kwa meno yale, ameiba moyo wa mtu!" Binti yangu aliporudi kazini alisimama, akatazama, akaketi chini na mkoba wake mapajani. "Baba," akasema, "umenitangaza." Mama yake, badala ya kukemea, aliingia jikoni, nami nilimsikia akicheka ndani ya moshi.

Siku mbili baadaye kijana mwenyewe, ambaye ni fundi wa redio, alikuwa akipita kwa baiskeli. Alijiona. Alishuka, akaweka shati lake vizuri, akaja hadi nilipokuwa, akainama. "Shikamoo baba. Naona mmeshanipokea."

Ningefanya nini, Ndugu Mhariri? Kuubandua mlango kungeufanya ukuta uwe na pengo. Nikamkaribisha chai. Ana tabia njema, hunyamaza mtu mzima anapozungumza, na amekwisha irekebisha redio yangu, ambayo haikuwa mbovu. Binti yangu sasa huimba anapofua. Hajawahi kuimba. Ndiyo maana ninaogopa. Nikiliharibu jambo hili, sitaliharibu darasa wala kitabu. Nitaiharibu sauti hiyo.

6. Nyumba yangu na banda langu vimebadilishana kazi.

Usidhani nimechanganyikiwa. Fuata hoja zangu moja baada ya nyingine, kama nilivyozifuata mimi. Mwezi uliopita mvua ya upepo iliingia chumbani kwetu kupitia pale ulipokuwa mlango, ikalilowesha godoro. Mke wangu alisubiri jua la siku mbili, akalikausha godoro, akalikunja, akaliweka kichwani, akaelekea uani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Ninafuata chaga zangu."

Alipofika bandani alizitoa kuni kwa utulivu, akazipanga chini, akatandika godoro juu ya chaga zile zile alizozilalia tangu tuoane, akajinyoosha. Nikamwambia kuni zitalowa. Akasema bila kufumbua macho, "Zipeleke ndani, Mzee. Si ndiko kwenye upepo?"

Nilitaka kumkaripia. Kisha nikayafungua makala yenu ili nimsomee, na hapo nikakwama. Makala yanasema kuni zinahitaji mambo manne: paa juu yake, upepo wa kupita bila kizuizi, kuinuliwa kutoka chini, na kutogusana na ukuta. Nikaingia sebuleni na daftari. Paa lipo. Upepo unaingia mbele, unatoka nyuma, ukipita njiani unachungulia vyumbani. Ubao wa meza upo, tayari kuwekwa juu ya matofali. Kama ghala la kuni, nyumba yangu ilipata alama tisini na nne kwa mia. Kisha nikalikagua banda kama makazi ya binadamu: lina kitanda, lina paa, lina milango mitano. Nyumba haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo kilichokamilika. Ningepindisha matokeo? Sijawahi kupindisha matokeo.

Kwa hiyo kuni zinaishi sebuleni. Nimezipanga mistari miwili inayotazamana, na njia katikati, zimefika usawa wa dirisha. Mimi na mke wangu tunaishi bandani, pamoja na birika, taa na madaftari yangu. Binti yetu amebaki chumbani kwake nyuma ya shuka aliyoitundika, na anasema kuni ni jirani watulivu. Moshi jikoni umekwisha kabisa, ninalikiri hilo. Mke wangu hakohoi tena. Lakini je, ni haki mtu apone kifua kwa kupoteza nyumba?

7. Na sasa Jumamosi inakuja. Kijana amesema wazazi wake watafika wote wawili. Nilimuuliza mama yake ni mtu wa namna gani, akajikuna kisogo. "Mama si mtu wa maneno mengi, baba. Hutazama." Ndugu Mhariri, nilikuwa mtu wa kutazama kwa miaka thelathini na moja. Ninajua vizuri kinachofuata baada ya kutazama. Nitamwambia nini mama wa watu? Karibu bandani, sebuleni mna kuni? Atamshika mwanawe mkono na kuondoka, na hatakuwa na mlango wa kuubamiza, jambo ambalo litamwongezea hasira.

Nimejaribu kuirudisha milango. Misumari niliyoinyoosha kwa mkono wangu imeshika kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Fundi baiskeli alikuja na nyenzo, akavuta, akatoka jasho, akaniambia, "Mzee Milango, hili banda hulibomoi. Hili utalirithisha."

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, ninaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, mchapishe sahihisho, ukurasa wa mbele, likieleza kwamba ukaguzi wa vitu visivyotumika ufanyike pia saa za kulala, saa za kula, na siku za mvua.

Pili, Fundi wa Nyumbani aje yeye mwenyewe Jumamosi saa mbili asubuhi, asimame pale ulipokuwa mlango wa mbele, awe mlango mpaka wageni waondoke. Ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuondoa. Avae nguo ya rangi ya udongo, maana mlango wangu ulikuwa wa rangi hiyo. Akisikia hodi asisogee mpaka niseme karibu. Nikisema karibu, asogee kushoto, taratibu, bila kuguna. Mlango wangu haukuwa ukiguna. Mchana atapewa chakula, lakini atakula akiwa amesimama.

Tatu, ikiwa Fundi ana udhuru, uje wewe. Ikiwa nawe una udhuru, ofisi yenu ina wafanyakazi wangapi? Ninahitaji watano tu. Mmoja mbele, mmoja jikoni, watatu vyumbani. Yule wa chumba cha binti yangu awe mwanamke mtu mzima.

Nne, na hili ndilo dogo kuliko yote: mchapishe katika toleo la Ijumaa tangazo fupi lisemalo kwamba watu waliostaarabika siku hizi huishi nje na kuziweka kuni sebuleni. Mistari miwili itatosha. Mliweza kunishawishi mimi, ambaye nilikagua shule mia mbili na tisa. Mama mmoja hawezi kuwashinda.

Mke wangu, ambaye ananisomea begani ninapoandika, anasema nikuombe pia mwavuli wa pili, kwa kuwa huu wa kwanza umeanza kuvuja na sasa analoweshwa bafuni. Nimekataa kuliingiza ombi hilo katika orodha, ila nimelitaja ili asiseme nilimnyima nafasi.

Nifikishie salamu kwa wote waliopo ofisini: wapanga kurasa, mpiga picha, mama wa usafi, mlinzi wa getini, na geti lenyewe. Msahihishaji wenu umsalimu kipekee, umwambie kuwa ile mikato bado ninaisubiri. Mke wangu anawasalimu. Binti anawasalimu, ingawa hajui ninaandika nini. Fundi baiskeli anawasalimu na anauliza kama mna makala yoyote kuhusu kuta.

Ninabaki msomaji wenu niliyetii kuliko wote,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Nyongeza ya Ijumaa:

Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu jana mchana, ikisubiri stempu, mama wa kijana alipokuja. Alikuja peke yake, siku mbili kabla, ati kuitambua njia ili Jumamosi wasipotee. Binti alikuwa kazini. Mimi na mke wangu tulikuwa bandani, birika jikoni, viatu vyangu juani. Nilisimama ghafla hadi kichwa kikagonga bati.

Ni mama mfupi, mpana, macho mekundu. Alitutazama. Akalitazama banda. Akaitazama picha ya mwanawe pale mlangoni, meno yote nje. Mke wangu alijitahidi: "Karibu mama, kaa hapa kwenye hewa, chai iko tayari." Yule mama akajibu, "Asante, lakini nitaingia kwanza niwasalimu wa ndani." Akaingia. Hapakuwa na cha kumchelewesha.

Mke wangu akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya mbele ya mgeni tangu tuoane. Kisha tukasikia: ka! Ka! Ka! Alikuwa amechukua kuni mbili na kuzigonganisha, mpaka zikatoa ule mlio mkavu kama wa sahani ya udongo.

Alitoka ameukumbatia ukuni mmoja kifuani kama mtoto aliyekwisha oga. "Unalia," akasema. "Mama mwenzangu, ukuni wenu unalia." Kisha yule mtu asiye na maneno mengi akasema yote kwa mara moja. Anapika katika shule ya bweni, mwaka wa ishirini na mbili sasa, masufuria matatu ya kuingia mtu mzima, na kuni huletwa na lori zikiwa mbichi hata ndege bado wanazifuata. Nyumbani kwake nako ni hivyo hivyo. "Nina nyumba ya kupendeza," akasema, "ina milango tisa, na ndani yake hamna ukuni mmoja mkavu. Macho yangu haya mnayoyaona si ya kulia." Akauliza ni nani aliyefanya kazi hii.

Mke wangu angeweza kusema Mzee Milango. Angeweza kusema Bwana Mkaguzi. Alinyoosha kidole na kusema, "Huyu. Mume wangu."

Ndoa imekubaliwa, Ndugu Mhariri. Tarehe atakuja kuitaja mumewe Jumamosi, lakini nimeelewa kwamba mumewe hutaja anachoambiwa. Sharti lake ni moja: kabla ya harusi nimjengee banda kama hili. Nimepewa funguo zote za nyumba yake.

Kwa hiyo nakuomba sana, usiichapishe barua hii. Mama yule hulisoma gazeti lenu kila wiki, na Jumatatu ninaanza na paa lake.